Jibu Limekubali, Lakini Ni la Kweli? Maisha ya James Wilkinson

Kama umewahi kukesha na data za tasnifu yako, halafu R ikagoma na kukuambia kwamba matriki yako haigeuziki, basi umeshakutana na James Wilkinson bila kumjua.

Jamaa alizaliwa Strood, Kent, Uingereza, tarehe 27 Septemba 1919. Kichwa chake hakikuwa cha mchezo: akiwa na miaka 16 tu alipata ufadhili wa kusoma hisabati Trinity College, Cambridge, na mwaka 1939 akamaliza na daraja la kwanza. Alipenda hisabati ya nadharia, lakini vita vikaingilia kati. Mwaka 1940 akawekwa kupiga hesabu za silaha.

Huko akakabidhiwa milinganyo 12 yenye namba 12 za kutafuta, na chombo chake kilikuwa mashine ya kuhesabia ya mezani. Sasa, kila hatua unakata tarakimu za mwisho, na kila ukikata unaacha kosa dogo. Wataalamu waliogopa makosa hayo yatalundikana. Mwaka 1943 mtakwimu wa Marekani, Harold Hotelling, alionya kwamba kosa linaweza kukua mara nne kwa kila mlinganyo unaoongezwa. Piga mwenyewe: ukifika milinganyo 18, kosa limeshakua zaidi ya mara bilioni 17!

Wilkinson akamaliza, akarudisha majibu kwenye milinganyo. Kumbe yanakubali vizuri mno. Mwaka 1946 akaingia Maabara ya Taifa ya Fizikia, Teddington, kufanya kazi na Alan Turing. Wao na wenzao wawili wakahangaika na milinganyo 18 kwa muda wa wiki kama mbili. Mambo yakawa yaleyale. Turing akaandika makala kuhusu makosa hayo mwaka 1948, kisha akahama. Wilkinson akabaki, akashiriki kuijenga kompyuta ya Pilot ACE, iliyoanza kufanya kazi Mei 1950, na swali lile hakuliacha tena.

Akaligeuza. Badala ya kuuliza jibu limekosea kiasi gani, akauliza: jibu hili ni sahihi kwa swali lipi? Akaonesha kwamba njia nzuri ya kukokotoa hukupa jibu sahihi la swali lililo jirani kabisa na lako. Kama maswali jirani yana majibu yanayofanana, lala usingizi. Kama hayafanani, usiilaumu mashine, maana ubaya uko kwenye swali lenyewe.

Chukua kalamu. x + y = 2, na x + 1.0001y = 2.0001. Jibu ni x = 1, y = 1. Sasa badilisha 2.0001 iwe 2.0002. Jibu linaruka: x = 0, y = 2. Hapo sasa! Na ukilirudisha jibu hilo la pili kwenye milinganyo ya kwanza, linapishana kwa 0.0001 tu. Yaani jibu linaweza kukubali na bado likawa mbali na ukweli.

Ndicho kinachotokea ukiweka kwenye regresheni vigeu viwili vinavyokaribia kuwa kitu kimoja. Kompyuta hutunza tarakimu kama 16. Matriki ikiwa tete, 10 zinaweza kupotea, ukabaki na sita. Ikiwa mbaya zaidi, hubaki na kitu, ila jedwali bado linapendeza. Na sisi, jamani, tukiona onyo tunakimbilia intaneti kutafuta namna ya kulizima, kisha tunaenda kutetea vizigeu ambavyo data haikuvisema.

Mwaka 1970 Wilkinson alipewa Tuzo ya Turing. Mwaka 1971 yeye na Christian Reinsch walitoa kitabu cha algoriti za matriki, na kutoka humo zikazaliwa programu zilizoitangulia LAPACK, ambayo R huitumia hadi leo. Alifariki tarehe 5 Oktoba 1986, akiwa na miaka 67.

Kwa hiyo R ikikugomea usiku wa manane, usiitukane. Rudi kwenye vigeu vyako, uangalie kipi kinarudia kazi ya mwenzake. Mzee Wilkinson angeanzia hapo.