Simon Flexner wa Louisville, na namba tuliyoikeshea



Januari ya 2021 ukoo wetu ulikuwa haulali. Mdogo wangu anayeishi Columbus, jimbo la Ohio, alilazwa kwa korona, na shemeji yangu wa Buffalo akalazwa wiki ile ile. Kila jioni binti wa mdogo wangu alikuwa akinipigia simu Maskati kunipa habari: leo baba kala kidogo, oksijeni wamempunguzia, na CRP imefika hapa. Hiyo CRP tuliizoea sote, hata mashangazi wakawa wanaiulizia kabla ya salamu. Ikipanda tunanyamaza, ikishuka tunasema alhamdulillahi.

Mimi nimesomesha sayansi maisha yangu yote ya kazi, lakini asili ya namba ile nilikuwa siijui. Nimekuja kuifuatilia nilipokwenda kumtembelea mwanangu Louisville, Kentucky, kwani njia yake inapita kwa mtu wa mji huo. Jina lake Simon Flexner.

Alizaliwa Louisville tarehe 25 Machi 1863. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya. Baba, mtu wa Bohemia, alianza kwa kuchuuza vitu huku na huko, akapanda mpaka akawa na biashara ya kofia, kisha msukosuko wa fedha wa mwaka 1873 ukamrudisha chini. Watoto walikuwa tisa. Simon hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa, na aliacha skuli mapema akawa anaingia kazi hii na kutoka ile. Walimu wenzangu, tumewaona wangapi namna hiyo tukawakatia tamaa?

Alipokuwa na miaka 16 hivi akaugua homa ya matumbo, ikamfikisha mlangoni mwa kaburi. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine. Akajifunza kazi ya dawa, akahitimu chuo cha ufamasia cha Louisville mwaka 1882, akafanya kazi katika duka la dawa la kakake, Jacob. Dukani pale palikuwa na hadubini, na Simon akajifundisha mwenyewe kuitumia. Mimi niliyesoma sekondari ya misheni, ambako padre wetu alikuwa na hadubini moja kwa wanafunzi arubaini, naijua njaa hiyo ya kusubiri zamu yako uchungulie.

Mwaka 1889 alipata shahada ya udaktari hapo hapo Louisville, lakini masomo ya siku zile yalikuwa zaidi ya kukaa na kusikiliza. Mwaka uliofuata akaenda Baltimore, chuo cha Johns Hopkins, kwa mwalimu wake mkubwa William Welch, na huko ndiko alikoiva. Mwaka 1899 alipelekwa Manila, Ufilipino, akarudi na kijidudu cha kuhara damu ambacho mpaka leo kinaitwa kwa jina lake, Shigella flexneri. Watoto wetu wa pwani ya Afrika Mashariki bado wanaugua kwa kijidudu hicho.

Mwaka 1901 tajiri Rockefeller alianzisha taasisi ya utafiti wa tiba mjini New York, na Flexner akapewa kuiongoza. Aliishika mpaka 1935. Homa ya uti wa mgongo ilipoishambulia New York mwaka 1904 na 1905, alitengeneza dawa kutokana na maji ya damu ya farasi, ikawa inachomwa kwenye uti wa mgongo. Ugonjwa huo ulikuwa ukiua wengi kuliko uliowaacha. Kufikia 1913 alikuwa na hesabu ya wagonjwa karibu 1,300 waliochomwa dawa hiyo, na waliokufa ni kama 31 katika kila mia.

Lakini kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ni nyumba aliyoijenga. Mwaka 1910 taasisi ilifungua hospitali yake. Wagonjwa walitibiwa bure, na madaktari walichagua maradhi machache tu wakayachimba mpaka mwisho. Moja lilikuwa nimonia.

Humo, mwaka 1930, William Tillett na Thomas Francis waliona jambo. Walichukua maji ya damu ya wagonjwa wa nimonia wakayachanganya na kitu kilichotolewa kwenye kijidudu cha nimonia, walichokipa herufi C. Mchanganyiko ukafanya utando mweupe. Mgonjwa akipona, utando hautokei tena. Baadaye ikajulikana kwamba kinachofanya hivyo ni protini, nayo ndiyo CRP. Inatengenezwa na ini, na mwili ukiwaka ndani kwa maradhi inapanda katika muda wa saa chache.

Wakati wa korona madaktari waliitazama pamoja na viashiria vingine vya damu, kama feritini na kipimo cha kuganda kwa damu, wapate kujua nani anaelekea pabaya. Uingereza, katika jaribio moja kubwa, mgonjwa aliyepungukiwa na oksijeni na CRP yake ikafika 75 au zaidi ndiye aliyeingizwa kwenye majaribio ya dawa ya kutuliza kinga ya mwili.

Flexner naye alikosea, na hapa pana funzo. Mwaka 1909 yeye na mwenzake waliweza kuhamisha polio kutoka kima hadi kima. Lakini kwa kuwa kima wake waliambukizwa puani, alishikilia miaka mingi kwamba hata kwa binadamu polio inapita puani kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Sivyo. Inaingia kwa mdomo na kukaa matumboni. Alikuwa mkubwa mno, na wengi waliifuata kauli yake. Alichokipima kilikuwa kweli. Kosa ni kukifanya kiseme zaidi ya kilichojua.

Flexner alifariki New York tarehe 2 Mei 1946.

Mdogo wangu wa Columbus namba yake ilipanda ikatutisha, siku ya tisa ikaanza kushuka, na leo yupo, anagombana nami kwenye simu kama zamani. Shemeji yangu wa Buffalo namba yake haikuwahi kufika hata nusu ya ile. Yeye ndiye tuliyemzika, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi kipimo ukipewa, kishike na umuulize daktari kina maana gani kwa mgonjwa wako, na kesho yake uulize tena. Ni taa ya kumulikia njia. Mwisho wa safari anaujua Mola peke yake.