Mama wa Kiumbe Kisicho na Jina

Nilikuwa kijana wa miaka 17, nimekwisha kuhitimu chuoni na kuanza kutunga beti zangu za mwanzo, nilipopata kitabu kilichong'oka jalada katika duka la vitabu vikuukuu hapa Mombasa. Ndani yake msomi mmoja, Victor Frankenstein, akusanya viungo vya maiti, aviunganisha na kuvitia uhai. Ami yangu aliyenisomesha Kurani alinikemea, akasema uhai haumo mikononi mwa mja. Nilikificha chini ya mkeka, nikawa nakisoma usiku. Sikujua kwamba aliyekianza kukiandika alikuwa msichana wa miaka 18.

Mary Shelley alizaliwa London tarehe 30 Agosti 1797. Mamake, Mary Wollstonecraft, mtetezi mashuhuri wa haki za wanawake, alifariki siku 11 baadaye kwa homa ya uzazi, akamwachia mwanawe jina lake. Babake, William Godwin, alikuwa mwanafalsafa aliyeandamwa na madeni. Alipokuwa na miaka 16 binti huyo alitoroka na mshairi Percy Shelley, mume wa mtu. Hilo silitetei, na hata jamaa zake wa London hawakulisamehe upesi.

Februari 1815 alijifungua mtoto wa kike kabla ya miezi kutimia. Kichanga kiliishi siku chache kikafa, wala hakuna jina lake lililohifadhiwa. Katika shajara yake Mary aliandika kwamba aliota mtoto amefufuka baada ya kusuguliwa mbele ya moto. Wasomaji, mimi naamini riwaya ile ilianzia hapo, ingawa wengi husimulia kuwa ilianzia Uswisi mwaka uliofuata.

Kisa cha Uswisi nacho ni cha kweli. Aprili 1815 mlima Tambora, katika nchi iitwayo leo Indonesia, ulilipuka, na ukungu uliotokana na gesi zake ukapunguza mwanga wa jua hata Ulaya ikakosa kiangazi mwaka 1816. Mvua iliwafungia ndani Mary, Percy, Lord Byron na wenzao kando ya ziwa la Geneva. Byron akapendekeza kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Walizungumza pia habari za umeme, maana Mtaliano Galvani alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi miguu ya chura mfu inavyoshtuka ikiguswa nao. Kitabu kilitoka Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi, na baadhi ya watu wakadhani ni kazi ya Percy. Jina la Mary lilichapishwa juu yake mwaka 1823.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuwazika Clara huko Venice na William huko Roma, na Percy amekufa maji katika bahari ya Italia, Julai 1822. Alibakiwa na mwana mmoja tu, Percy Florence. Aliishi kwa kalamu yake, akahariri mashairi ya marehemu mumewe, na kufariki tarehe 1 Februari 1851, umri wake miaka 53.

Nilikirudia kitabu kile baada ya mimi na mke wangu kumzika kifungua mimba wetu. Aliishi siku nne, na jina tulilomchagulia lilikuwa lasubiri siku ya saba. Safari hii maiti hazikunitisha. Niliona kiumbe kinafumbua macho, kinamnyoshea mkono aliyekiunda, naye anakimbia. Hata jina hakukipa, na ndiyo sababu watu hukosea wakakiita Frankenstein. Kinajificha kibandani karibu na nyumba ya maskini, kinachungulia ufani, na kinajifunza kusema kwa kusikiliza masomo afundishwayo Safie, binti wa mfanyabiashara wa Kituruki. Ukatili wake waja baadaye, baada ya kufukuzwa kila mlango.

Ami alipokuwa mzee, macho yamepungua nuru, nilimkiri kuwa kitabu sikukitupa, nikamsimulia kisa tangu mwanzo hadi kule kwenye barafu ya kaskazini. Alisikiliza akivuta tasbihi. Nilipomaliza hakutaja kufuru. Aliuliza ni kwa nini bwana yule hakumpa jina, kisha akauliza sisi wetu tulikuwa tumwite nani.