Shaaban Robert: Msomaji mgeni aanze na kitabu kipi?

Marehemu Shaaban Robert alizaliwa mwaka wa 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga, na kufariki mwaka wa 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kujipatia uhuru. Riziki yake aliipata kwa ukarani katika serikali ya kikoloni, kwanza katika idara ya forodha.

Kwa kuwa alitunga tenzi, insha, wasifu na hadithi za nchi zisizokuwako duniani, asiyemjua huenda asijue pa kuanzia. Wengi hukimbilia Kusadikika (1951), nchi iliyo angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Ni kitabu cha ujasiri, kwani karani wa Mwingereza aliwashutumu watawala wadhalimu huku angali akila mshahara wao. Lakini hotuba zake ni ndefu, na kijana asiyezoea Kiswahili hicho huchoka kesi ikiwa bado mbichi.

Afadhali aanze na Adili na Nduguze (1952). Ni kifupi, kina majini, safari za baharini na ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa sababu ya husuda. Akikimaliza atakuwa ameizoea sauti ya mwandishi, ndipo airudie Kusadikika, kisha asome Kufikirika, kilichochapishwa mwandishi akiwa kaburini.

Mashairi, kwa maoni yangu, yasubiri, isipokuwa lile la kumlilia mkewe, Amina. Hilo halihitaji maandalizi yoyote.