Kinyanjui wa Gathirimu: Aliyewaongoza wageni katika nchi ya muratina

WAKAZI wa Kawangware hulitaja jina lake kila uchao, kwani ndilo lililopewa chuo cha mafunzo ya kiufundi kilichoko Riruta, kando ya Barabara ya Naivasha. Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kwamba Chifu Mkuu Kinyanjui wa Gathirimu, aliyefariki mwaka wa 1929, alianza maisha yake Kabete akiwa fukara asiyekuwa na shamba wala mifugo.

Kinyanjui alikuwa mwenyeji wa Murang'a. Alipohamia Kabete aliishi kwa hisani ya wenye ardhi, akijikimu kwa uwindaji. Ni uwindaji huo uliomfundisha kila kichochoro cha msitu uliotenganisha nchi ya Wakikuyu na mbuga za Wamaasai. Wakati huo Nairobi haikuwepo. Mahali palipo na mabanda ya Kibera leo palikuwa ni miti, na jina lenyewe linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu.

Msafara uliotoka Mombasa ulipofika Ngong ulikuwa umechoka na kuishiwa chakula. Ng'ambo ya msitu kulikuwa na mashamba ya viazi, maharagwe, ndizi na miwa. Miwa hiyo ndiyo iliyotoa muratina, mvinyo wa jadi wa nchi hiyo. Iliponda, ikakamuliwa, na maji yake yakatiwa ndani ya kibuyu pamoja na tunda la mti wa muratina lililokaushwa ili kuyachachusha. Kibuyu kiliwekwa karibu na moto hadi kinywaji kilipoiva.

Muratina haikuwa kinywaji cha vijana. Ilinywewa na wazee walipopokea mahari, walipokubaliana kuhusu ardhi, na walipomwaga tambiko kwa mababu. Hata kuingia katika baraza la wazee, kiama, kulihitaji mbuzi na pombe. Hivyo, mgeni aliyetaka kupita salama alihitaji mwenyeji wa kumfikisha kwa wazee waliostahili, na kumweleza adabu ya nyumba aliyoingia.

Mnamo Oktoba 1890, Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki alijenga ngome Dagoretti baada ya kula kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga. Udugu huo haukudumu. Watu wa kampuni walipora vyakula, wenyeji wakapigana, na ngome ikahamwa. Nyingine, Fort Smith, ilijengwa Kabete mwaka wa 1891. Mwaka uliofuata Waiyaki alikamatwa na kupelekwa pwani, lakini akafariki njiani huko Kibwezi.

Kinyanjui, aliyekuwa amekaa kwa Waiyaki, alichukua njia tofauti. Alijiunga na Fort Smith akiwa kiongozi wa misafara, akiwaonyesha maafisa mahali pa kununua chakula na kuwatambulisha kwa wenyeji. Baadaye alishirikiana na vikosi vilivyoziadhibu jamii zilizokataa amri ya kampuni. Malipo yake yalikuwa mamlaka. Wakikuyu hawakuwa na chifu, bali mabaraza ya wazee, lakini Waingereza walimhitaji mtu mmoja wa kuzungumza naye, wakamteua yeye.

Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka wa 1912 iliwapa machifu uwezo wa kuwakusanya watu kwa kazi za umma, na pia wa kudhibiti utengenezaji na unywaji wa pombe. Muratina iliyokuwa chini ya wazee sasa ilitegemea amri ya mtu aliyeteuliwa na serikali.

Wakati huohuo, ardhi ilikuwa ikiponyoka. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, katika kipindi ambacho njaa na ndui viliwaua watu wengi na kuacha mashamba matupu. Sheria ya mwaka wa 1902 iliwafungulia walowezi mlango. Nako Kibera, wanajeshi Wanubi walipewa makao katika eneo lililotangazwa rasmi hifadhi ya kijeshi mwaka wa 1918.

Kinyanjui na machifu wenzake waliwasilisha malalamiko kuhusu ardhi na mishahara, lakini kwa unyenyekevu. Harry Thuku alipowahamasisha watu mwaka wa 1921, machifu walimpinga. Thuku alikamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika jijini kudai aachiliwe ulimiminiwa risasi.

Siku za mwisho za Kinyanjui zilisimuliwa na jirani yake, mwandishi wa Denmark Karen Blixen, katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1937. Kwa mujibu wa Blixen, mzee huyo akiwa mahututi aliomba apelekwe akafie nyumbani kwake badala ya hospitali ya misheni. Blixen, aliyekuwa akizongwa na matatizo ya shamba, alikataa. Kinyanjui alifariki usiku huo, na mazishi yake yakasimamiwa na wamisheni.

Wapo wanaomhukumu kuwa kibaraka, na wapo wanaomwona kuwa mtu aliyetambua mapema kwamba wageni hawangeondoka. Lisilopingika ni kwamba njia aliyoijua ilimtoa katika ufukara, na waliopita humo nyuma yake hawakuja kununua viazi na kuendelea na safari. Walibaki. Leo, katika Kawangware iliyosongamana, maelfu ya wapangaji wanalipia chumba kimoja katika nchi ambayo Kinyanjui aliingia akiwa hana hata kipande cha ardhi.