Malenga Aliyemtuma Maiti

Sisi watu wa pwani, tukizungumza juu ya malenga mwenye ulimi mkali, humtaja Muyaka bin Haji. Vuka daraja la Mto Tana uingie Garissa, nawe utakuta kwamba jirani zetu Wasomali nao wana wao: Sayyid Mohamed Abdille Hassan.

Sayyid alizaliwa kaskazini ya nchi ya Wasomali, na wengi wasema ni mwaka 1856. Kwa baba alikuwa wa ukoo wa Ogaden, ukoo wa wengi wa wakazi wa Garissa. Alisoma Kurani tangu utotoni, akaenda kuhiji Makka, na huko akaingia tarika ya Salihiya. Aliporudi alipigana jihadi na Waingereza, Wahabeshi na Wataliana tangu 1899 hadi 1920.

Lakini mimi hapa nataka kusema juu ya ushairi wake. Sayyid hakwenda mbali kutafuta kisa. Farasi aliyempenda kisha akamtoa, ahadi iliyovunjwa, vita vya jana: vyote vilimtosha. Kazi yake ilikuwa katika kukiunda kisa. Mnamo Agosti 1913 Mwingereza Richard Corfield aliuawa vitani huko Dul Madoba. Malenga mwingine angesimulia vita na kujisifu. Sayyid alisema na maiti, akamwagiza awaeleze atakaowakuta njiani kuelekea Jahannamu jinsi alivyokufa. Hivyo habari ya ushindi ikatolewa na aliyeshindwa.

Kisomali hakikuwa na maandishi rasmi mpaka 1972, basi shairi lilibidi likae kichwani. Sisi tuna vina mwishoni. Wao katika gabay hurudia sauti moja mwanzoni mwa maneno, mstari kwa mstari, tangu mwanzo hata tamati. Anayekosea neno hufichuliwa na sauti. Wahifadhi, mkuu wao Xuseen Dhiqle, waliyashika mashairi hayo, nayo yakaenea kutoka kisima hadi kisima. Ndipo mwaka 1974 Sheikh Jaamac Cumar Ciise, aliyeyakusanya vinywani mwa watu, akachapisha diwani yake Mogadishu.

Hata hivyo ulimi ule haukuwachoma makafiri peke yao. Sheikh Uways wa Barawa, ambaye tarika yake ya Kadiriya ilifika mpaka Unguja, alijibizana na Sayyid kwa mashairi. Mwaka 1909 wafuasi wa Sayyid walimwua Sheikh huyo. Nionavyo mimi, hapo ndipo penye funzo kwa kila mtunzi. Shairi lililoundwa ili lisisahaulike hubeba na chuki yake, na msikilizaji aliyelihifadhi aweza kushika upanga.

Mapema mwaka 1920 ndege za Waingereza zilipiga ngome yake ya Taleh. Alikimbia, na mwisho wa mwaka huo akafariki kwa maradhi huko Imi. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.