Ana Mendieta, msanii aliyelitafuta umbo lake udongoni

HUKU wasanii wenzake wakichonga mawe ili wadumu, Ana Mendieta alichimba umbo la mwili wake mchangani na kuliachia bahari ilichukue.

Mendieta alizaliwa jijini Havana, Cuba, Novemba 18, 1948, katika familia yenye jina katika siasa. Babake aliunga mkono mapinduzi ya Fidel Castro ya mwaka wa 1959, kisha akatofautiana nayo na kufungwa gerezani. Mnamo 1961, Ana akiwa na umri wa miaka 12, yeye na dadake mkubwa, Raquelin, walisafirishwa hadi Marekani kupitia mpango uliowaondoa Cuba zaidi ya watoto 14,000 bila wazazi wao. Walitupwa Iowa, jimbo la baridi kali, wakalelewa katika makao ya watoto na nyumba za watu baki. Mama yao aliwafikia mwaka wa 1966.

Katika Chuo Kikuu cha Iowa alisomea uchoraji na kupata shahada ya uzamili mnamo 1972. Hata hivyo, rangi hazikumtosheleza, akaamua kuutumia mwili wake mwenyewe. Mwaka wa 1973 alilala ndani ya kaburi la kale la jamii ya Wazapoteki huko Yagul, Mexico, akiwa amefunikwa kwa maua meupe kana kwamba yanachipuka mwilini mwake. Miaka mitatu baadaye, alisimama akiegemea shina la mti kando ya kijito huko Iowa, amejipaka matope mwili mzima, hata ikawa vigumu kumtofautisha na gome.

Baadaye mwili ulijiondoa, likabaki umbo tu. Kwa matope, majani, moto, baruti na damu, alitengeneza maumbo zaidi ya 100 ya mwanamke ardhini. Katika ufuo mmoja wa Mexico, mnamo 1976, alilijaza umbo hilo rangi nyekundu na kupiga picha mawimbi yakilifuta hatua kwa hatua. Bila picha hizo na filamu zake, karibu kazi hiyo yote ingekuwa hadithi.

Aliruhusiwa kurudi Cuba kwa mara ya kwanza mwaka wa 1980. Mwaka uliofuata aliingia katika mapango ya Jaruco, karibu na Havana, na kuchonga kwenye kuta za mawe ya chokaa maumbo aliyoyapa majina ya miungu ya kike ya Wataino, wenyeji wa kale wa visiwa hivyo. Hapo ndipo, katika nchi alikozikwa kitovu chake, alipolishika jiwe lenyewe. Kwa mtu aliyezoea kazi za siku moja, uamuzi huo una uzito wake.

Mnamo Januari 1985 aliolewa na mchongaji mashuhuri Carl Andre. Septemba 8 mwaka huo, baada ya ugomvi, Mendieta alianguka kutoka orofa ya 34 ya jengo walimoishi jijini New York, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 36. Andre alishtakiwa kwa mauaji lakini jaji akamwachilia huru mwaka wa 1988. Aliaga dunia mnamo 2024. Jumba la Guggenheim lilipoonyesha kazi za Andre jijini humo mwaka wa 1992, mamia ya watu waliandamana nje wakiuliza alikokuwa Mendieta.