Edward Steere na Mtafutaji wa Neno

Kabla hatujamkabidhi mwanafunzi kamusi, yafaa tumkumbuke Edward Steere. Alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria, kisha akawa padri. Mwaka 1864 aliwasili Unguja pamoja na Askofu Tozer, naye hakuwa na kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa. Krapf alikuwa amekwisha kukusanya maneno ya Mombasa, lakini kamusi yake ilitoka mwaka 1882, naye amekwisha kufa. Basi Steere alijifunza kwa kuwauliza wenyeji.

Zama hizo misafara ilitoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, penye mji wa Tabora, ikaendelea hadi Ujiji. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wasafiri. Mgeni aliyetaka wapagazi au chakula alihitaji neno upesi, tena neno lenye kueleweka. Mwaka 1870 Steere alitoa kitabu chenye sarufi, orodha za maneno na mafungu ya mazungumzo. Alizipanga ngeli, na penye umoja wa jina akaonyesha wingi wake.

Hapo pana somo kubwa kwetu. Mwanafunzi wa Tabora akitafuta “wamekwenda” kwenye herufi W, halioni; hufunga kitabu akidhani kamusi ina upungufu. Kosa si lake. Hakuna aliyemfundisha kuvua wa-, me- na kw- ndipo aifikie “enda”. Vivyo hivyo “vyombo” atavipata penye “chombo”, iwapo anazijua ngeli. Zoezi hili na litangulie ubaoni, kwa maneno ambayo watoto wenyewe wameyasema asubuhi hiyo, hata kama darasa zima lina kamusi moja tu, kama ilivyo katika shule nyingi.

Steere alikusanya pia maneno ya Kinyamwezi cha Unyanyembe. Hata hivyo vitabu vyake vilimtumikia msomaji wa Kiingereza, maana fasili zilikuwa za lugha hiyo. Mnyamwezi mwenye maneno hakuandikiwa yeye.

Steere alifanywa askofu mwaka 1874, akasimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, akafariki Unguja mwaka 1882. Mwaka 1935 Frederick Johnson alitoa kamusi iliyofafanua Kiswahili kwa Kiswahili, na mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Humo mtoto wa Tabora huelezwa neno bila ya kupitia Kiingereza.